Ana shahada ya hesabu na yuko nyumbani Mpui: chuo kilimwandaa kwa kazi gani?

Kuna swali linalotufikia mara kwa mara kwenye simu ya kipindi, kutoka Mpui, Kaengesa, Laela na hata kule bondeni. Halihusu mbolea wala bei ya mahindi. Ni la mzazi aliyeuza ng'ombe, akauza na magunia kabla bei haijapanda, mtoto akaenda chuo kikuu kusoma fizikia, kemia au hesabu. Mtoto amemaliza salama, hakudisko, cheti anacho. Sasa yuko nyumbani, anapalilia shamba lile lile pamoja na mzazi wake. Mzazi anauliza kama alimpeleka kusoma kitu kisicho na kazi. Mtoto naye anauliza nyuma yake: nilichosoma miaka mitatu kinanisaidia nini hapa Ufipa?

Dakika 10 za kipindi hazitoshi kulijibu, ndiyo maana tumeliandika hapa ulisome kwa nafasi yako.

Jibu letu kwa kifupi ni kwamba sayansi na hesabu zina kazi, na nyingine ziko hapa hapa kwetu. Lakini kwa miaka mingi vyuo vyetu vimemfundisha kijana somo lenyewe, vikaacha kumfundisha namna ya kulitumia mbele ya mtu mwenye shida. Serikali na vyuo wameanza kulirekebisha hilo. Tutaeleza wanachofanya, na kwa nini tunadhani bado hakitoshi.

Foleni ya ajira

Tuanze na hesabu ya nafasi zenyewe. Mwaka 2022 serikali ilitangaza nafasi 17,412 za ualimu na afya. Walioomba walikuwa 165,948, yaani zaidi ya watu 9 kwa nafasi moja. Mwanzoni mwa 2025, kwenye nafasi 14,648 za ualimu peke yake, waombaji walikuwa 201,707. Hapo ni kama watu 14 wanagombea kiti kimoja. Miezi michache baadaye Mamlaka ya Mapato, TRA, ilikuwa na nafasi 1,596 na ikapata maombi 135,027. Ukigawanya, unapata karibu watu 85 kwa kila nafasi.

Kwa kijana wa sayansi na hesabu, ualimu ndio ulikuwa mlango mkuu. Shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia 2006, kila kata ilihitaji mwalimu wa fizikia, kemia, baiolojia na hesabu, na hawakuwepo. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimepata vyuo viwili vishiriki vya elimu, DUCE cha Dar es Salaam na MUCE cha Iringa. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Upungufu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2014 Dodoma walianzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hesabu kwa waliomaliza kidato cha nne. Wengi mnakumbuka ilivyoishia: Mei 2016 wanafunzi 7,802 wa programu hiyo walirudishwa nyumbani.

Miaka hiyo aliyemaliza shahada ya ualimu wa hesabu hakuwa na haja ya kuandika wasifu wake. Alisubiri jina litoke kwenye orodha, akapanda basi kwenda alikopangiwa. Leo walimu nao wanapitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira kama waombaji wengine. Wanafanya mtihani wa kuandika, halafu wa kuhojiwa ana kwa ana. Yule aliyesoma miaka mitatu akiamini kazi itamfuata anagundua kwamba yeye ndiye anayetakiwa kuitafuta, na hakuna aliyemwonyesha namna.

Kuna jambo hapa linalouma zaidi. Matokeo ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba katika watahiniwa wanne wa hesabu, anayefaulu ni mmoja hivi, na mwaka 2022 hata huyo mmoja hakutimia. Kwa hiyo unaweza kukuta kijana mwenye shahada ya ualimu wa hesabu amekaa nyumbani, na shule ya kata iliyo karibu naye watoto wanapata sifuri za hesabu. Hilo halisababishwi na mtaala wa chuo. Ni bajeti ya mishahara ya serikali. Tunalitaja mapema kwa sababu kila tatizo la ajira siku hizi linawekwa kwenye kapu moja linaloitwa "vijana hawana ujuzi", na si haki. Kuna vijana wana ujuzi kamili, ila nafasi hazipo.

Waajiri wanalalamikia nini

Mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lilitoa matokeo ya utafiti uliozungumzwa sana: kwa maoni ya waajiri, asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawakuwa tayari kwa kazi. Uganda ilikuwa asilimia 63, Burundi 55, Rwanda 52 na Kenya 51. Hayo ni maoni ya waajiri, na mwajiri naye ana yake. Wapo wanaotaka kijana afike akijua kila kitu ili wao wasitumie hata shilingi kumfundisha. Hata hivyo wanapoulizwa nini kinakosekana, mara chache wanasema kijana hajui kemia. Wanasema hawezi kueleza anachokijua, hawezi kuandika taarifa ya ukurasa mmoja ikaeleweka, kompyuta anaijua kwa kuipakulia filamu, na akipewa tatizo ambalo halimo kwenye kitabu anakaa kusubiri aambiwe la kufanya.

Hayo ndiyo yanayoitwa stadi za kuajirika. Jina lina uzito wa semina, lakini jambo lenyewe ni la kawaida kabisa. Tulieleze kwa mahindi, maana hapa Ufipa ndiyo lugha tunayoelewana wote.

Mkulima wa Mpui analeta gunia la kilo 100. Kipimo kinaonyesha unyevu wa asilimia 18. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Mnunuzi anasema, "Haya mabichi, nitakata." Je, akate kilo ngapi ndipo iwe haki?

Wengi watasema 18 toa 13.5 inabaki 4.5, basi akate kilo nne na nusu. Sivyo. Kwenye kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, maji ni kilo 18 na mahindi yenyewe makavu ni kilo 82. Ukianika, maji yanapungua lakini zile kilo 82 hazipungui. Mahindi yakifika unyevu wa 13.5, zile kilo 82 zitakuwa ni asilimia 86.5 ya uzito mpya. Gawanya 82 kwa 0.865, unapata kilo 94.8. Kwa hiyo gunia lako likianikwa vizuri litapungua kilo 5.2. Anayekata kilo 5 hajakuonea. Anayekata kilo 10, kama wengine wanavyofanya mkulima akiwa na haraka ya ada, amechukua kilo 4.8 zisizo zake. Tukikadiria bei ya shilingi 700 kwa kilo, hiyo ni shilingi 3,360 kwa kila gunia. Ukiuza magunia 50 umeacha shilingi 168,000 kwenye mizani ya mtu.

Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Ni ya sekondari, na kila mhitimu wa shahada ya sayansi anaiweza akiwa amelala. Sasa tuulize: kwa nini yule kijana aliyerudi nyumbani, anayeijua hesabu hii kuliko sisi, hayuko kwenye chama cha ushirika akiwafanyia wakulima 200 na kulipwa kidogo kidogo na kila mmoja?

Kwanza, hakuna aliyempa zoezi la aina hii chuoni. Alipewa milinganyo safi isiyo na vumbi. Pili, ili aifanye lazima aende kwa viongozi wa AMCOS, watu wazima wenye wasiwasi na mtoto wa jana, awaeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka, na yeye kemia na hesabu zote amefundishwa kwa Kiingereza. Tatu, anahitaji kipima unyevu, ajue kinakosea kiasi gani, ajue sampuli ichukuliwe wapi kwenye gunia, maana ukichota juu tu unajidanganya. Nne, lazima aandike matokeo kwenye jedwali ambalo katibu wa chama atalielewa bila yeye kuwepo. Na tano, ajue bei yake. Kipimo kimoja atoze shilingi ngapi ili gharama ya kifaa irudi ndani ya msimu?

Somo ni lile lile. Kilichoongezeka ni kusema, kuandika, kupima, kushirikiana na watu na kupiga hesabu ya fedha.

Mfano wa kemia uko karibu na huo. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu. Bei zikayumba, na wafanyabiashara waliokuwa wameshapakia magari wanakumbuka hasara waliyopata. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila bilioni. Kwa lugha ya ghalani, ni kama gramu moja ya sumu iliyosambaa ndani ya magunia 1,000 ya kilo 100. Huwezi kuiona kwa macho wala kuionja. Inahitaji mtu anayejua kuchukua sampuli na kutumia vipimo, na ambaye akipata jibu baya ana ujasiri wa kumwambia mwenye mzigo. Mkoa wetu unalisha nchi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ana maghala na vihenge Sumbawanga. Kazi ya kemia hapa si ya kubuni.

Hili si jipya kwetu

Kabla ya kulaumu vyuo vya leo, tukumbuke kwamba nchi hii imelijaribu jambo hili zamani. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akilalamika kwamba shule zinamtoa mtoto kijijini kimwili na kimawazo. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi: aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi angalau miaka miwili, na alikofanya kazi wakampa barua ya kumpendekeza. Aliingia darasani akiwa tayari anajua ofisi inanuka vipi saa tisa mchana.

Wazo lilikuwa zuri na lilikuwa na madhara yake. Idadi ya wanawake chuoni ilishuka, kwani miaka ya kusubiri iliwakuta na ndoa na watoto, na haikupita miaka mingi sharti likaondolewa kwao. Baadaye utaratibu wote ukafifia. Tunachojifunza ni kwamba kuchanganya kazi na masomo kwa amri moja kwa watu wote kunaweza kuwafungia mlango wale wale wenye njia nyembamba.

Na tukitaka kurudi nyuma kabisa, mababu wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuri ndefu za udongo zilizomzidi mtu kimo, ambazo zilivuta upepo zenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Baada ya hapo chuma kilisafishwa kwenye tanuri ndogo iliyopulizwa kwa mivukuto. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameziandikia tanuri hizo kwa kirefu. Fundi wa ilungu alikuwa na fizikia na kemia yake, na alikuwa na watu waliohitaji majembe. Havikutengana.

Fildi ya wiki nane

Chuo kikuu cha leo hakikosi kabisa mafunzo ya kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma stadi za mawasiliano, na wa sayansi huenda fildi wakati wa likizo ndefu, kwa kawaida wiki 8. Bodi ya Mikopo huwapa fedha za fildi wanaostahili. Kwa miaka mingi mwongozo wake uliweka shilingi 10,000 kwa siku, siku zisizozidi 56. Kwa aliyepata kiwango chote ni shilingi 560,000, na kwa Dar es Salaam hizo ni nauli na chakula cha mchana, basi.

Tatizo la fildi linajulikana na kila aliyepita huko. Mwanafunzi anaandika barua 20, anajibiwa moja. Anapelekwa ofisi isiyohusiana na anachosoma. Wiki ya kwanza anatembezwa, ya pili anatumwa kutoa nakala, na kuanzia ya tatu yeye ndiye anayejua chai ya bosi inawekwa sukari vijiko vingapi. Mhadhiri wa kumkagua anafika mara moja, anasaini kitabu, anaondoka. Kijana anarudi chuoni na alama A ya fildi, hajawahi kuguswa na tatizo lolote la kweli. Hatusemi fildi zote ziko hivyo. Wapo waliopata ajira kwa sababu ya fildi. Lakini inategemea bahati, na mtoto wa mkulima wa Mpui hana mjomba wa kumtafutia bahati hiyo mjini.

Somo la stadi za mawasiliano nalo lina kasoro yake. Linafundishwa peke yake, kwenye ukumbi wa mamia ya watu, na mtihani wake unajibiwa kwa kukariri. Mtu anaweza kupata B ya mawasiliano bila kusimama hata mara moja mbele ya wenzake. Halafu kwenye masomo yenyewe ya hesabu na sayansi hakuna anayemdai aongee wala aandike. Kwa kawaida alama za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Mwanafunzi si mjinga. Akijua 60 ziko kwenye mtihani, na mtihani unafanana na wa miaka iliyopita, atatafuta madesa, atakariri, atapita.

Kwa hiyo tunapoulizwa stadi hizi ziingizwe vipi, jibu letu ni kwamba ziingie ndani ya somo lenyewe na ziwe na alama. Chukua somo la takwimu. Badala ya data zilizotungwa, wanafunzi watano wapewe mvua ya Sumbawanga ya miaka 30 pamoja na mavuno ya halmashauri, waambiwe: mshauri mkulima lini apande, na mumwambie mna uhakika kiasi gani. Waandike kurasa mbili za Kiingereza kwa mhadhiri na nusu ukurasa wa Kiswahili kwa bwana shamba. Wasimame waeleze, wahojiwe. Takwimu watakazojifunza ni zile zile, na pengine hawatazisahau. Ni kazi kubwa kwa mhadhiri kusahihisha, tunajua. Mwenye wanafunzi 400 hawezi kusikiliza makundi 80 bila wasaidizi. Ndiyo maana mabadiliko haya ni suala la fedha na waalimu kabla hayajawa suala la maneno mazuri kwenye mtaala.

Fedha zipo, angalau kwa sasa

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa Tanzania kwa mradi unaojulikana kwa kifupi kama HEET, wa kuifanya elimu ya juu ichangie uchumi. Sehemu kubwa inayoonekana ni majengo, madarasa na maabara. Lakini ndani yake kuna mambo mawili yanayogusa mada yetu. Vyuo vinatakiwa kupitia upya mitaala yao, na vinatakiwa kuwa na kamati za ushauri ambamo waajiri wanakaa na kusema wanahitaji nini. Wahadhiri nao wanapelekwa viwandani kujionea.

Kwa upande wetu wa nchi, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kina kampasi yake Rukwa. MUST ilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi Mbeya, ikawa taasisi ya teknolojia mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012. Ni chuo kilichozaliwa karakana, na hilo lina maana. Jirani zetu wa Katavi wana kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine, huko Mpimbwe. Kwa hiyo kijana wa Ufipa leo anaweza kusoma shahada bila kuvuka Mbeya.

Swali tunalolitupa kwa vyuo hivyo ni hili: kwenye hizo kamati za waajiri, nani anakaa? Kama ni mameneja wa benki na makampuni ya simu kutoka mjini tu, mtaala utamwandaa kijana kwa kazi za mjini, na Rukwa tutabaki kumsindikiza stendi. Tungependa kumwona hapo meneja wa NFRA wa kanda, mtu wa RUWASA anayejua visima vilivyokauka, mwenye mashine za kukoboa na kusaga, mwenyekiti wa AMCOS. Tungependa pia TANESCO, maana njia kubwa ya umeme ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma inakuja hadi Sumbawanga. Na wale wanaotafuta gesi ya heliamu: tangu 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza pamoja na kampuni ya Helium One walipotangaza kwamba bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya gesi hiyo, majina yetu yanatajwa kwenye magazeti ya dunia. Itakuwa aibu ikichimbwa siku moja na vijana wetu wawe walinzi wa geti.

Kwingineko wamekwenda mbali zaidi ya wiki nane. Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada kilianza mwaka 1957 na utaratibu ambao mwanafunzi anasoma miezi kadhaa, anafanya kazi ya kulipwa miezi kadhaa, anarudi darasani, hivyo hivyo hadi amalize. Wanafunzi wa hesabu nao wamo. Anahitimu akiwa na karibu miaka miwili ya kazi. Lakini utaratibu huo unahitaji waajiri wengi walio tayari kulipa. Sumbawanga, ukiondoa ofisi za umma, waajiri wa namna hiyo tunaweza kuwahesabu kwa vidole. Tukiiga bila kufikiri tutarudia ya Musoma.

Wanaopinga wana hoja

Wapo wahadhiri, hasa wa hesabu, wasiopenda mjadala huu. Wanasema chuo kikuu si VETA. Wanasema kazi yao ni kumfundisha mtu kufikiri kwa kina, na kwamba ukijaza shahada masomo ya ujasiriamali na kuandika barua za kazi, utapunguza hesabu yenyewe na utabaki na mtu anayejua kujieleza vizuri kuhusu kitu asichokijua.

Tunakubaliana nao zaidi ya nusu. Programu za kompyuta zinazofundishwa leo huenda zisiwepo miaka 10 ijayo, lakini anayeelewa uwezekano na milinganyo atajifunza mpya. Tusingependa hata saa moja ya hesabu iondolewe. Tofauti yetu nao ni kwamba kueleza hoja kwa mtu asiye wa fani yako ni sehemu ya kuielewa. Ukishindwa kumweleza mama yako kwa nini gunia linapungua kilo 5.2 na si 4.5, huenda na wewe hujaielewa vizuri.

Upande mwingine wapo wanaohubiri stadi kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Hao turudi nao kwenye foleni tuliyoanza nayo. Kama nafasi ni moja na waombaji ni 14, ukiwafundisha wote 14 kujieleza vizuri, 13 bado watarudi nyumbani wakijieleza vizuri. Stadi zinamsaidia kijana kutengeneza kazi pale ambapo haikuwepo, lakini hata hapo kipima unyevu kinanunuliwa kwa fedha. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mlango mmojawapo. Wenye shahada wengi hawaendi kuuliza kwa sababu wanaona ni ya wauza mitumba na bodaboda. Nendeni Laela mkaulize.

Kwa mzazi na kwa kijana

Kama mwanao anachagua kozi mwaka huu, hakikisha kwanza kozi na chuo vimo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu. Halafu uliza maswali ambayo wazazi wengi hatuulizi: fildi ni wiki ngapi na chuo kinasaidia kutafuta nafasi au kinamwachia mtoto? Mwaka wa mwisho kuna mradi wa utafiti? Kozi ya hesabu ina somo la kuandika programu za kompyuta na takwimu za vitendo? Kama jibu ni hapana kwa yote, fikiria mara mbili, hata kama jina la chuo ni kubwa.

Aliyeko chuoni tunamshauri jambo moja ambalo vijana wengi hulikataa: omba fildi nyumbani. Sumbawanga na Laela kuna NFRA, RUWASA, TANESCO, SIDO, halmashauri na maabara za hospitali. Utalala kwenu, utakula kwenu, fedha ya fildi itabaki. Ofisi yenye wanafunzi wawili wa fildi itakupa kazi ya kweli haraka kuliko yenye 40. Andika barua mapema, miezi mitatu kabla, na ndani yake taja tatizo moja la ofisi hiyo ambalo ungependa kulishughulikia.

Aliyekwisha kuhitimu, akumbuke na mkopo. Ukiajiriwa, makato ya Bodi ni asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, kwa hiyo usipange maisha kwa mshahara mzima. Na kama bado uko nyumbani, tafuta jedwali moja la kweli ulitengeneze: unyevu wa mahindi ya kijiji, maji ya visima vyenu, matokeo ya hesabu ya shule ya kata na watoto uliowafundisha jioni. Kwenye chumba cha usaili, ukiulizwa umefanya nini tangu umalize, utakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Wiki ijayo kwenye kipindi tutazungumza na wanafunzi walioko fildi Sumbawanga. Kama uko fildi mahali popote Rukwa, tuandikie ujumbe utuambie ofisi imekupa kazi gani leo, hata kama ni ya kutoa nakala. Usiitaje ofisi kwa jina. Taja kazi tu.